Kilimia na Rika la Nyota: Uhakiki wa Maneno ya Rangi na Umri

Majina mengi ya nyota tuliyo nayo katika Kiswahili yametufikia kwa njia ya bahari. Manahodha waliyapokea kwa Waarabu pamoja na elimu ya pepo za misimu, na yeyote atakayeisoma orodha aliyoichapisha Jan Knappert mwaka 1993 ataona jinsi sauti za Kiarabu zilivyotawala humo. Kilimia ni jina la namna nyingine. Halikutoka chomboni, limetoka shambani. Shina lake ni lima, na ndugu zake wameenea katika lugha za Kibantu hata ncha ya kusini ya bara: Wazulu na Waxhosa husema isilimela, Wasotho na Watswana selemela. Jina lililosambaa kiasi hicho haliwezi kuwa buni la jana; yaelekea liliwatangulia manahodha na vyombo vyao.

Makala haya yanakusudia kuyapima maneno ambayo waandishi wa Kiswahili huyatumia wanapoeleza elimu ya nyota za aina hii, yaani nyota zilizozaliwa pamoja na ambazo zingali zikisafiri pamoja: rangi zake, ukuaji wake na mwisho wake. Nimechagua kuyapima katika Nyanda za Juu Kusini, yaani Mbeya na Iringa, kwa sababu watu wa huko hukisema Kiswahili shuleni, sokoni na barazani, lakini nyumbani husema Kinyakyusa, Kisafwa, Kinyiha, Kisangu, Kibena au Kihehe. Neno lisilosema kitu masikioni mwao halipati msaada wa mazoea ya pwani. Tena mtoto wa huko hufundishwa sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, na afikapo kidato cha kwanza hubadilishiwa lugha. Ana miaka michache tu ya kuisikia elimu hii kwa lugha anayoifahamu. Neno bovu likimpoteza katika miaka hiyo, aghalabu hapati nafasi ya pili.

Tuanze na jina lenyewe. Desturi ya kamusi ni kulieleza Kilimia kwa maneno machache: kundi la nyota, na uhusiano wake na kulima. Maelezo hayo si ya uwongo, illa yana kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba hayasemi kuonekana kupi kwa Kilimia kunakoleta jembe. Kwani Kilimia huonekana mara mbili. Hupotea katika mwanga wa jua mwezi wa Mei, kisha huzuka tena alfajiri upande wa mashariki katikati ya Juni. Huo ndio mzuko wa kwanza. Halafu kila mwezi huzidi kupanda mapema, hata kufikia katikati ya Novemba kikawa chachomoza jua linapotua na kukesha mbinguni usiku kucha. Huo ndio mzuko wa pili.

Waxhosa huuhesabu ule wa kwanza, na mwezi wa Juni wameuita kwa jina la isilimela. Lakini mkulima wa Mbeya akiamka alfajiri ya Juni akakiona Kilimia, atalima nini? Huo ni mwezi wa baridi. Makete na Kitulo huweza kupigwa na sakitu, na mahindi yanangojea kuvunwa. Kwake Kilimia chenye maana ni kile cha Novemba, kichomozacho jioni wakati mawingu ya mvua ya kwanza yanapokusanyika, kwa kuwa nchi yake ina msimu mmoja tu wa mvua, tangu Novemba hata Aprili au Mei. Watu wa pwani nao wana hesabu yao: kwao mvua kubwa ni masika, na Kilimia huzama jioni masika yakiwa katikati, ndiyo maana msemo wao mashuhuri juu ya nyota hizi wataja kuzama na kuzuka, jua na mvua, kana kwamba kimoja humpokea mwenzake zamu. Hivyo twaona jina moja lina kalenda tatu. Na hata katika mkoa mmoja wa Mbeya kalenda haiko sawa: Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na miezi mikavu ni michache, ilhali Usangu chini ya mlima hungoja sana. Kamusi iliyoandika tu kuwa nyota hizi ni dalili ya kulima imemwacha msomaji aulize, dalili kwa nani na saa ngapi?

Hilo la kalenda ni dogo. Kubwa zaidi limo katika kiambishi cha kwanza cha neno. Kilimia ni umoja. Nyota ni nyingi, lakini lugha imezihesabu kuwa kitu kimoja, ikakipa ngeli ya ki-, na tunasema Kilimia kimezuka, wala hatusemi zimezuka. Msomaji wa juu juu ataona hiyo ni bahati ya sarufi. Mimi naona ni hukumu, tena hukumu sahihi, iliyotolewa na watu wasio na chombo cha kutazamia mbali. Ulaya jambo hili halikuthibitishwa kwa hesabu mpaka mwaka 1767, John Michell alipouliza: kama nyota zingetawanywa mbinguni ovyo, kuna bahati gani ya kuona sita zenye mwanga namna hii zimesongamana mahali padogo vile? Akapata kwamba bahati hiyo ni kama moja katika 500,000. Akahukumu kuwa hazikukutana kwa macho tu. Ni jamaa kweli. Leo twajua kuwa zipo zaidi ya 1,000, kwamba ziko umbali wa miaka ya nuru 440 na kidogo, na kwamba zote huenda upande mmoja kwa mwendo mmoja. (Umbali huo ulizusha mabishano. Chombo Hipparcos kilitoa mwaka 1997 kipimo cha miaka ya nuru 385 hivi, na wanafalaki wakagawanyika; vipimo vya redio vya mwaka 2014 na vile vya chombo Gaia baadaye vikarudisha hesabu ya zamani.) Nuru ya Kilimia inayotufikia leo iliondoka huko katika karne ya 16, Wareno wangali hawajaanza kuijenga ngome yao ya Mombasa, iliyoanzwa mwaka 1593.

Sasa, lugha iliyokwisha kuhukumu vizuri hivyo imefanywa nini na waandishi wetu? Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo mwaka 2009 iliunganishwa katika TATAKI, ilitoa mwaka 1990 Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, kazi iliyowafaa walimu wengi. Jina la kamusi lasema lenyewe: falaki haikualikwa. Matokeo yake kila mwandishi wa nyota amejitafutia maneno, na maneno matatu ndiyo yanayoshindana kwa kitu tunachokizungumza.

La kwanza ni kundi. Neno hili lingefaa kama halingekwisha kuchukuliwa. Tumelifanya kundinyota kuwa jina la zile sura wanazochora watu mbinguni, kama Nge au Simba, ambazo nyota zake hazilazimiki kuwa na udugu wowote: moja yaweza kuwa karibu nasi na jirani yake kuwa mbali mara kumi, zimeonana tu machoni mwa mtazamaji. Basi neno la umoja wa kweli tumelipa umoja wa uwongo, na kitu chenye umoja wa kweli tukakikosea jina. Wengine wakaona watatue kwa kuongeza sifa: kundi wazi, kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno. Hapa sitaficha maoni yangu. Wazi katika Kiswahili ni mlango usiofungwa, ni jambo lililo dhahiri, ni nyumba isiyo na mtu. Hakuna msikilizaji wa Iringa wala wa Unguja ambaye akisikia kundi wazi atafahamu kuwa nyota zake zimeachana nafasi. Atadhani kundi hilo laonekana vizuri, au kwamba limebaki tupu.

La pili ni fungu. Fungu la nyota lina mvuto wake, kwa kuwa ni neno la kila siku. Lakini nendeni soko la Mwanjelwa mjini Mbeya mkatazame fungu ni kitu gani. Ni nyanya tano au viazi sita alivyovipanga muuzaji kwa mkono wake juu ya gunia, na asubuhi vilikuwa vya mashamba mbalimbali. Fungu hufanywa na apangaye. Lenyewe halina nasaba. Ukiwa mwalimu ukasema fungu la nyota, umemwambia mtoto kwamba kuna mtu aliyezikusanya. Hilo ni kinyume kabisa cha jambo tunalotaka alijue, yaani kwamba nyota hizi zilitoka katika wingu moja la gesi na vumbi, karibu kwa wakati mmoja, na kwamba hakuna aliyezileta pamoja baadaye.

Napendekeza rika. Neno hili limo katika Kiswahili sanifu tangu zamani, na mtu husema kwamba fulani ni rika langu bila kufikiri mara mbili. Lina udugu wa umri ndani yake, si udugu wa mahali. Na huko Rungwe, upande wa kusini wa Mbeya, palikuwa na desturi inayolieleza jambo hili kuliko mchoro wowote. Monica Wilson aliandika habari zake katika kitabu cha Good Company, kilichochapishwa mwaka 1951 baada ya utafiti wa miaka ya 1930. Wanyakyusa hawakuishi kwa vijiji vya ukoo kama jirani zao. Wavulana wa umri mmoja, wafikapo kama miaka 10, walitoka katika nyumba za baba zao wakajijengea vibanda pamoja pembeni. Wakakua hapo, wakaoa, wakaleta wake zao hapo hapo, na baada ya muda kijiji hakikupokea tena wadogo. Kikazeeka na wenyewe. Wa kwanza walipofariki kilianza kupungua, na mwisho kilikwisha, mahali pake pakashikwa na kijiji cha vijana wengine. Desturi hiyo imekwisha pungukiwa na nguvu, na mtunzi yule yule alirudi kuyaandika mabadiliko yake katika kitabu cha mwaka 1977. Lakini kumbukumbu yake ingalipo, na Kilimia ni kijiji cha rika kwa kila hali: wote wa umri mmoja, hakuna mdogo anayeingia, na siku moja kijiji kitakwisha. Mvuto wa nyota nyingine na wa mawingu makubwa ya njia yetu ya maziwa utazitawanya; wanafalaki hukadiria kuwa Kilimia kina kama miaka milioni 250 ya kukaa pamoja. Jua letu nalo bila shaka lilizaliwa katika rika, miaka bilioni 4.6 iliyopita, na hakuna leo awezaye kuwaonyesha kwa kidole wenzake wote.

Neno rika lina taabu zake, nami sitaki msomaji azigundue mwenyewe akanilaumu. Iko aina nyingine ya nyota za pamoja, zile zilizosongamana kama mpira, ambazo mfano wake mkubwa, Omega Centauri, huonekana Mbeya kama doa la ukungu usiku usio na mwezi. Nazo kwa jumla ni wazee sana, za miaka kama bilioni 12, na neno rika lingezishika pia. Basi tutenganishe: rika la mtawanyo kwa Kilimia na wenziwe, rika la mlundo kwa zile za mpira. Mtawanyo lasema lile ambalo wazi lilishindwa kusema. Wapo watakaoteta kwamba rika ni la watu, nyota si watu. Jibu ni kwamba elimu yenyewe, katika lugha zote ninazozijua, imekwisha zipa nyota kuzaliwa na kufa. Tukikubali kuzaliwa, tukatae rika kwa nini?

Tuje kwenye rangi, ambapo makosa ni mengi na madhara yake ni makubwa zaidi.

Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyochukua viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine zote huitwa kwa vitu: manjano ni kiungo cha mchuzi, kijani ni jani, zambarau ni tunda, kahawia ni kahawa. Watu wamelalamika kwamba huu ni upungufu. Si kweli, maana lugha inayoita rangi kwa kitu chake humlazimisha msemaji kuonyesha kitu. Tatizo letu ni moja: ile rangi ya nyota kubwa za Kilimia, ambayo ni nyeupe inayoelekea rangi ya mbingu, tunaiitaje? Vitabu husema buluu. Neno hilo limekaa na sina ugomvi nalo kwa shati au daftari. Kwa nyota naona samawati ni bora, na si kwa sababu ya uzuri wa sauti. Samawati maana yake ni ya mbingu. Picha za Kilimia zilizopigwa kwa vyombo vikubwa huonyesha utaji wa rangi hiyo umeizunguka hasa nyota iitwayo Merope. Utaji huo si moto. Ni vumbi la wingu ambalo Kilimia kinapita ndani yake safarini, na vumbi hilo hutawanya mwanga wa samawati kuliko mwekundu, jambo lililo jamaa ya lile linalofanya mbingu yetu ya mchana iwe na rangi hiyo. Mwalimu aliye na neno samawati mkononi anaweza kuanza somo kwa mbingu ya juu ya mlima Loleza na kulimaliza kwa Merope bila kubadili neno. Aliye na buluu hana njia hiyo.

Kosa la pili halimo katika jina la rangi bali katika maana iliyofungwa nayo. Bomba la maji moto hutiwa alama nyekundu na la maji baridi alama ya buluu. Nasi husema moto mwekundu, macho mekundu ya hasira. Mwanafunzi akiambiwa kuwa nyota nyekundu ni baridi kuliko ya samawati huona amedanganywa. Hapo mwandishi mvivu huandika kanuni tupu na kupita. Lakini Nyanda za Juu Kusini hazikukosa mwalimu wa jambo hili. Katika milima ya Livingstone, nchi ya Makete, Wakinga walikuwa wafua chuma mashuhuri, na majembe yao yalishuka kwa Wanyakyusa kwa biashara. Mfua chuma hahitaji kanuni. Anajua kwamba chuma kikianza kushika moto huwa chekundu cha kiza, mivukuto ikizidi huelekea manjano, na kikikaribia kuyeyuka huwa cheupe cha kuumiza macho. Wekundu kwake ni mwanzo wa joto, si kilele chake. Ngazi yake huishia kwenye weupe kwa sababu chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538; hana kitu cha kupeleka mbele zaidi. Sisi tunachotakiwa kufanya ni kuongeza vidato: uso wa jua una nyuzi kama 5,500, na uso wa Alcyone, nyota ing'aayo kuliko zote katika Kilimia, una kama 12,000, na hapo weupe umekwisha pita ukaingia samawati. Jembe na nyota za kulimia zimekutana mahali ambapo hakuna aliyetazamia.

Halafu kuna wekundu wa pili, na hapa ndipo maandishi mengi huchanganya. Husomwa kwamba nyota nyekundu ni nyota kuukuu. Kilimia chenyewe chalikanusha neno hilo. Nyota zake zote ni za umri mmoja, miaka milioni 100 na zaidi kidogo, na bado zilizo nyingi kuliko zote ni nyekundu hafifu zisizoonekana kwa macho. Wekundu wao si wa uzee. Ni wa unyonge wa mwili: zina mata kidogo, huunguza hidrojeni yake kwa uchoyo, na zitaishi kuliko ulimwengu ulivyokwisha ishi, maana ulimwengu una miaka bilioni 13.8 tu na hizo zina akiba ya mamia ya mabilioni. Kinyume chake, nyota za samawati ni matajiri wabadhirifu. Nyota yenye mata mara mbili ya jua hutoa mwanga kiasi cha mara kumi. Akiba mara mbili, matumizi mara kumi, hesabu yake mtoto wa darasa la tano aweza kuikamilisha. Wale wenye mata mara tano ya jua hupata miaka milioni 100 tu, na ndio walio mlangoni mwa mauti katika Kilimia leo.

Kwa hiyo yatupasa kuwa na maneno mawili ya wekundu, na kwa bahati njema ngeli zimetupa. Kibete chekundu na jitu jekundu. Ki- yadunisha, ji- yakuza, na upatanisho wa kivumishi humsikilizisha msomaji tofauti kabla hajafikia maana. Haya ni maneno mazuri sana, nami sijui kwa nini baadhi ya waandishi huyaacha wakaandika nyota nyekundu ndogo na nyota nyekundu kubwa, na hali neno nyota lenyewe halibadiliki kwa umoja wala wingi.

Anayetaka kuyaona majitu atazame jirani ya Kilimia, zile nyota zilizopangwa kama pembe mbili za kikwezo, ambazo Wazungu huziita Hyades. Nazo ni rika la mtawanyo, karibu nasi zaidi, miaka ya nuru 150 hivi, lakini lina umri wa miaka milioni 600 na zaidi. Wake wa samawati wamekwisha ondoka wote. Nyota nne zimevimba na kupoa zikawa za rangi ya machungwa. Ejnar Hertzsprung alizipanga nyota za marika haya mawili mwaka 1911, mng'ao upande mmoja na rangi upande wa pili, na umri ukaanza kusomeka katika mchoro: mstari wa nyota hupanda kuelekea samawati, na pale unapokatika ndipo palipofikiwa na mauti. Katika Kilimia umekatika juu kabisa. Katika Hyades umekatika kwenye weupe. Aldebaran, lile jicho jekundu lililo kati yao, si mwenyeji. Li miaka ya nuru 65 tu kutoka kwetu, limesimama njiani. Waarabu walimwita mfuasi kwa kuwa humfuata Kilimia mbinguni, na jina hilo lilikuwa la haki zaidi kuliko kumhesabu katika jamaa isiyo yake.

Limebaki neno mzunguko. Waandishi huandika mzunguko wa maisha ya nyota, neno walilolichukua katika somo la chura na kipepeo. Chura hutaga yai, yai likawa chura. Hapo pana mzunguko. Mahindi ya Iringa nayo hurudi kuwa mbegu. Nyota moja hairudi popote. Huenda mbele tu, kutoka wingu kuwa nyota, kutoka nyota kuwa jitu, kutoka jitu kuwa mabaki. Nasema tuandike makuzi ya nyota, au umri wa nyota, na neno mzunguko tuliweke kwa kitu kinachozunguka kweli, yaani ile mata inayotemwa na nyota zifazo na kuingia katika mawingu ya nyota zijazo. Mfano wa mzunguko huo upo Mbozi, katika nchi iliyokuwa ya mkoa wa Mbeya mpaka mkoa wa Songwe ulipoundwa mwaka 2016. Kimondo cha huko, tani 16 hivi, kwa sehemu kubwa ni chuma chenye nikeli, na chuma hicho kilipikwa katika nyota zilizokufa kabla jua halijazaliwa. Wenyeji walikijua kabla wageni hawajakiandika mwaka 1930.

Umri wa Kilimia wahitaji kipimo cha kushikika, maana miaka milioni 100 ni maneno matupu kwa msikilizaji. Mijusi mikubwa ya Tendaguru, mkoani Lindi, iliishi miaka milioni 150 iliyopita. Hiyo haikukiona Kilimia, kwa kuwa hakikuwapo. Lakini katika bonde la Rukwa, kando ya Songwe, ilichimbuliwa mifupa ya mjusi wa baadaye, aliyetangazwa mwaka 2017 kwa jina la Shingopana songwensis. Wakati wa huyo Kilimia kilikuwa kimekwisha zaliwa. Wapenzi wa lugha watambue kwamba jina hilo la kitaalamu, linalotumiwa na wataalamu wa dunia nzima, ni Kiswahili kitupu, shingo pana, na hakuna aliyelalamika kwamba Kiswahili hakitoshi.

Kwa mtunga kamusi napendekeza maelezo ya namna hii: kilimia, ngeli ya ki-, rika la mtawanyo la nyota changa zenye asili moja, sita au saba huonekana kwa macho, nyeupe za kuelekea samawati, huzuka alfajiri mwezi wa Juni na jioni mwezi wa Novemba, katika nchi za msimu mmoja wa mvua kuzuka kwake kwa jioni huenda pamoja na kuanza kulima. Ni marefu kupita desturi, lakini karatasi ya mstari mmoja haitatufilisi.

Jambo ambalo sijalipatia neno la kuniridhisha ni lile la wafu. Kilimia kina mmoja anayejulikana, nyota ndogo iliyoorodheshwa kwa alama LB 1497. Alikuwa mkubwa kuliko wote walio hai leo, ndiyo maana alitangulia. Vitabu humwita kibete cheupe, na neno hilo lina ubora wa upatanisho niliousifu hapo juu. Tatizo ni kwamba kibete chekundu ni mzima anayeunguza, na kibete cheupe ni mabaki yasiyounguza kitu. Jina moja la kibete lawaweka katika chumba kimoja. Kuna aliyeniambia tuseme kaa jeupe. Sikukubali, maana kaa lingali linaungua. Kitu kilicho karibu zaidi na LB 1497 ni jiwe la figa: moto umetolewa, kuni zimekwisha, na jiwe lingali la moto mpaka usiku wa manane, likipoa polepole bila kula chochote. Figa halifai kuwa istilahi, kwa kuwa mafiga ni matatu na huyu yuko peke yake. Kwa sasa tutabaki na kibete cheupe, na mwalimu wa Makete ataeleza kwa jiwe la jikoni.